Saa Saba Angani

Harufu ya karoti zilizong'olewa sasa hivi, udongo wa baridi ukiwa bado umezishika, hunirudisha Mgeta kwa Bibi. Nikiipata sokoni mjini Morogoro husimama tu nimezubaa, na wauzaji hudhani nataka kupunguziwa bei.

Kule kwetu milimani, jamani, umbali haukupimwa kwa kilomita. Ulipimwa kwa mboga. Mahali ambapo saladi ilifika haijanyauka palikuwa karibu. Mahali pa kupeleka kabichi tu, hapo ni mbali. Dar es Salaam palikuwa pa kabichi, maana wakati wa masika lori liliweza kukwama kwenye utelezi, likalala huko huko, likafika sokoni kesho yake mchana.

Mama alikuwa amekwenda Istanbul kulea watoto wa watu, mimi nikabaki na Bibi. Kila akipiga simu alinifokea nioge, na Bibi alicheka: "Fimbo ya mbali haiui nyoka!" Siku moja nikamuuliza Mama kwenye simu, kutoka Dar hadi huko aliko ni mbali kiasi gani?

"Saa saba tu angani, mwanangu."

Saa saba! Nikamwangalia Bibi, naye akaniangalia. "Kumbe hata saladi ingefika," akasema.

Weee, nililala raha siku ile. Mama yuko karibu kuliko Dar! Asubuhi ukungu ulipoachia mabonde, na ndege ikapita juu kabisa ikiacha mstari mweupe, nilikaa kwenye tuta nikamwona Mama akishuka polepole, gauni limejaa upepo, mpaka katikati ya njegere zetu. Bibi aliniita mara mbili, mara tatu, nisisikie.

Ikakaribia siku yangu ya komunyo ya kwanza. Nilimtangazia kila mtu kwamba Mama anakuja: atakunywa chai kule, chakula cha jioni atakula kwetu. "Wewe jifunze sala," Bibi alikuwa akinijibu, bila kunitazama. Siku yenyewe, nikiwa na gauni jeupe, niligeukia mlango wa kanisa mpaka katekista akanishika kichwa na kunielekeza altareni. Mama hakuja.

"Ukungu huo," Bibi aliniambia tukirudi. "Hata malori leo hayajapanda."

Nikaamini. Nikauchukia ukungu kwa moyo wangu wote, na Mama nikamsamehe. Sikujua kwamba kule kulikuwa na ruhusa ya tajiri, na mkataba, na mtoto wa watu asiyelala bila kubebwa, na kwamba hayo yote hayamo ndani ya saa saba. Bibi alijua.

Mama alirudi nilipokuwa nimeshamaliza sekondari. Nilifungua mlango, nikamwamkia shikamoo, nikampokea begi. Nikafuta vumbi kiti cha wageni. "Karibu, Mama," nikasema kwa adabu zote, "jisikie uko nyumbani." Nyumba ile ndimo alimozaliwa.

Aliketi ukingoni mwa kiti, akashukuru, akainamia kikombe cha chai kwa muda mrefu. Nilidhani amechoka na safari. Leo nina mtoto wangu, na najua haikuwa safari.