Mohsin Alivyomuua Dalali

Mohsin anauza vipuri vya pikipiki mjini Dodoma, na Jumapili akishafunga duka tunajazana stoo kucheza mchezo wake. Kila mmoja wetu ana mhusika wake. Mohsin husimulia yaliyowakuta, sisi tunasema watafanya nini, na dadu inaamua kama wameweza. Hadithi yenyewe aliinunua, kitabu kizima kutoka Ulaya, chenye theluji na ngome ya bwana mmoja katili. Akaifanyia kazi miezi na miezi. Theluji akaigeuza vumbi, ngome ikawa maghala ya mahindi ya Kibaigwa, bwana wake akawa zimwi, na koo mbili za msituni akazifanya Wagogo na Wahehe. Kazi nzuri, sikatai. Alichotaka ni sisi tumwambie hivyo, basi.

Tatizo lilikuwa Luka.

Luka ni fundi simu wa Nkuhungu, lakini kazaliwa Kibaigwa. Alipewa mhusika wa pembeni, dalali wa mahindi, Mgogo aitwaye Sostenes, ambaye kitabuni alikuwa mtumishi wa kufungua geti tu. Luka akampa mdomo. "Yang'ate mwenyewe uone kama hayajakauka, mzee!" alimwambia zimwi, na zimwi, yaani Mohsin, likajikuta linang'ata punje. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tukikutana katikati ya wiki hakuna aliyeuliza habari za maghala. Tuliulizana Sostenes atamlaghai nani tena.

Mohsin akawa anacheka kwa meno tu. Wivu ulimshika. Yeye ndiye aliyehangaika na hadithi, halafu sifa zinakwenda kwa mtu aliyekuja na maneno matupu! Akaamua Sostenes afe.

Jumapili moja alirusha dadu nyuma ya boksi la plagi, tusikoweza kuona, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni ya uongo.

"Ghala limemwangukia. Pole sana, Luka."

Luka akaweka chini karatasi ya mhusika wake. Ndipo Angelina, nesi kutoka Iringa, ambaye mhusika wake ni Mhehe kama yeye mwenyewe, alipokwenda kujilaza sakafuni mlangoni, kama watani wafanyavyo msibani.

"Hazikwi mtu hapa! Mgogo kafa, mimi mtani wake, nataka mbuzi wangu kwanza!"

"Angelina, inuka bwana, zimwi linawasubiri," alisema Mohsin.

"Lisubiri, kuna msiba. Na kaburi mchimbe la lumbesa, la kuzidi kipimo, huyu mwizi hajawahi kupima gunia likawa sawasawa!"

Hapo stoo ikavurugika. Raheli, mwalimu wa Miyuji, akaangua kilio na kujitangaza mjane. Marehemu mwenyewe akaanza kubishana bei ya mbuzi. Mohsin alifungua kurasa zake, akazifunga, akazifungua tena; hakuna aliyemtazama. Adhana ya magharibi ilitukuta bado hatujazika.

"Sasa Luka hana mhusika wa kucheza," alisema Raheli, akifuta machozi ya kicheko. "Jumapili ijayo si aongoze yeye?"

Tukapiga makofi. Mohsin akasema kitabu chake hakiazimwi.

"Kibaki tu, kaka," Luka alijibu, wala hakuwa na ubaya. "Mimi nitasimulia hivihivi."

Jumapili iliyofuata Mohsin alikaa upande wetu, kanuna. Luka akamuuliza angependa kuwa nani.

"Dalali," alisema haraka, kabla mwingine hajamwahi.