Siku Kumi za Hemedi na Paka

Waliomjua Hemedi pale Stanleyville walisema ana damu ya moto, na walisema kweli. Kwa miaka kumi na minne alikuwa msaidizi wa daktari wa wanyama, Mzungu: yeye anashika, yeye anachoma sindano, yeye anafuta mikojo, na daktari anatia sahihi. Hayo aliyameza. Lililomkwama kooni ni la paka wa Mwanahamisi.

Ilikuwa mwaka 1956. Jumatatu aliletwa paka wa Madame, mke wa daktari, akipepesuka kama mlevi. Ukimwinua, kichwa kilijikunja hadi kifuani, na mboni za macho zilibaki zimetanuka hata juani. Daktari alimuuliza mpishi wake, akaambiwa paka hula samaki mbichi tu. Akafungua kitabu. Kumbe samaki mbichi huharibu vitamini B1, na ubongo ukiikosa, paka huanguka. Hemedi akamchoma sindano, na Jumatano paka yuko juu ya kabati.

Alhamisi akaja Mwanahamisi, mjane wa mtaa wa Waislamu, na paka wake ndani ya kitenge. Kupepesuka kule kule, mboni zile zile. Daktari alitupa jicho kutoka mlangoni.

“C’est la rage. Iko kichaa. Ua.”

Hemedi akasogeza bakuli la maji. Paka akanywa, akameza vizuri; mwenye kichaa cha mbwa hawezi kumeza.

“Mama, anakulaka nini?”

“Samaki mubichi tu, papa. Mabaki siwezi kumupa. Huyu iko mutoto wangu.”

Maskini, mapenzi yake ndiyo yaliyomlaza paka.

“Monsieur, iko ugonjwa moja na ya paka ya Madame!”

“Ile dawa haiko ya paka ya cité, ya mitaa ya watu weusi.”

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Hemedi akawaka. Akavunja shingo ya kichupa mbele ya macho ya daktari, akachoma.

“Bon. Kama iko kichaa, utufunge mimi na paka siku kumi. Paka ya kichaa haifikake siku kumi.”

Daktari, kwa kumkomoa, akawafungia kweli katika chumba cha karantini. Mwanahamisi akawa analeta wali dirishani, wa Hemedi na wa paka. Ijumaa jioni paka alisimama. Jumapili alikuwa anajilamba manyoya. Daktari alipita, akaona, hakufungua. Hasira ya Hemedi haikupoa, ilizidi, maana sasa haki iko upande wake na bado amefungiwa.

Siku ya kumi daktari akafungua, kalamu mkononi.

“Alors, umeona nini? Niandike rapport.”

“Nimeona paka, Monsieur. Weye haukumuona hata siku moja.”

Akavua koti jeupe, akalitupa juu ya meza. Nje alimkabidhi Mwanahamisi paka wake, akamwambia samaki achemshe kwanza. Mama akalia, akataka kumshika mikono amshukuru. Hemedi akairudisha nyuma, maana ilikuwa bado imekunja ngumi kwa hasira.