Kisu cha Siagi

Mama Kacha hakukitazama kisu kabla ya kukisikiliza. Alikisogeza sikioni, akakikunjua taratibu, kisha akakifunga. Kikisema "kacha!" moja, kavu, alikipa nafasi ya kutazamwa. Kikisitasita, kwa mlio wa mtu anayetunga uongo, alikirudisha kwenye fungu la muuzaji na kwenda zake. Mtaa ulimbatiza jina hilo zamani, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki la kitambulisho tu.

Kazi yake ilikuwa kusuka viti. Barazani kwake palikuwa na beseni la maji lenye nyuzi za henzirani, zikilowekwa ili zilainike, na kando yake fremu za mbao zilizosubiri kuvishwa migongo na vikalio. Msusi wa viti hukata kutwa: hukata ncha, huchonga kingo, hupasua uzi mnene ukawa miwili. Kisu kibovu humchosha mkono kabla jua halijapanda. Mama Kacha alianza kununua visu vya kukunja kwa sababu ya kazi, akaendelea kwa sababu ya mapenzi, na kufikia umri wa kuitwa bibi alikuwa na makopo ya biskuti yaliyojaa visu chini ya kitanda, juu ya kabati na, kwa muda fulani, ndani ya oveni, mpaka siku wifi yake alipokuja kumtembelea akaiwasha ili aoke mkate.

Vyote vilikuwa visu vya bei ya chini. Vilikuwepo vya mpini wa mbao wenye pete ya kuzungusha ili ubapa usijifunge, vya mpini wa bati lililokunjwa, visivyo hata na springi, na vya plastiki iliyojifanya pembe. "Kisu cha ghali kinasifiwa na bei yake," alipenda kusema. "Cha rahisi hakina wakili." Alitazama kama ubapa umelala katikati ya mpini au umeegemea upande mmoja kama mlevi ukutani. Aliushika kwa vidole viwili na kuutikisa. Ukicheza, ribiti inayoushikilia kwenye mpini imelegea. Alikata ndimu akangoja. Chuma kilichobaki cheupe alikiheshimu kwa mbali. Kilichogeuka rangi ya moshi alikipenda, maana kwake chuma kinachokubali kutu ndicho kinachokubali makali.

Juu ya hayo yote alikuwa na sheria moja, aliyomhubiria kila aliyekaa barazani pake: kisu kipya hakihukumiwi kabla ya kunolewa. Jiwe la kiwandani huacha kwenye makali uzi wa chuma, mwembamba kuliko unywele. Uzi huo hukata vizuri mara moja, kisha hujikunja, na asiyejua husema chuma ni laini. Ondoa uzi kwanza, ndipo utakijua kisu chenyewe.

Sheria hiyo aliivunja siku wifi yake alipomletea zawadi.

Wifi huyu, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amestaafu upishi katika bweni la shule. Alikabidhi funguo za jiko na, pamoja nazo, chumba alichokuwa akiishi. Mwanawe wa kiume alimtaka akakae naye mji mwingine. Mama Kacha alimwambia kwamba chumba cha nyuma hakina mtu. "Nitakuja nikae kidogo, nione," wifi alijibu. Alikuja na begi kubwa, akaliegesha nyuma ya mlango, na hakulifungua zipu zaidi ya kiasi cha mkono kupita. Mama Kacha aliliona kila alipopita. Alitamani begi lile lifunguliwe kuliko alivyowahi kutamani kisu chochote. Watoto wake walikuwa wametawanyika, nyumba ilikuwa imezoea sauti moja, na wifi, pamoja na ubishi wake, ndiye aliyebaki wa kucheka naye habari za marehemu.

Asubuhi hiyo fundi seremala, aliyemtengenezea fremu, alikuwa amepakua viti na kuketi kunywa chai. Wifi alitoka ndani na kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti.

"Shika. Usije ukasema wifi yako kaja mikono mitupu."

Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa mbao nyeupe usio na madoido. Mama Kacha alikipeleka sikioni. Kacha. Alikiinua kwenye mwanga. Ubapa ulilala katikati. Angeishia hapo, siku ingekwenda salama. Lakini moyoni alikuwa na neno lililotangulia kisu: mtu aliyeviita visu vyake vyuma chakavu miaka yote hiyo, angejulia wapi kuchagua? Akavuta uzi wa henzirani kutoka kwenye beseni, akakata. Mara ya kwanza kisu kilipita. Mara ya pili kikateleza. Alipapasa makali kwa kidole gumba, akayakuta yamelala.

"Chuma laini," alisema. Kisha, kwa kuwa palikuwa na msikilizaji, akaongeza: "Hiki kitakata siagi, wifi yangu. Tena siagi ya saa saba mchana."

Seremala alicheka mpaka chai ikampalia. Wifi naye alicheka, kwa mdomo tu.

"Basi nirudishie. Jikoni siagi ipo."

"Aa, wifi, si nakutania? Nitakiweka kwenye kopo."

"Kopo la visu vilema? Lete." Mkono wake ulibaki umenyooshwa mpaka akapewa.

Jioni ile zipu ya begi ilisikika chumba cha nyuma. Ilikuwa ikifungwa.

"Kesho kutwa nadhani nitakwenda kwa mwanangu," wifi alisema wakati wa kula, huku akitazama sahani. "Nyumba yenyewe hii ina wenyewe. Mimi na makopo hatuenei."

Mama Kacha alimsogezea bakuli la mchuzi. Kesho yake alisuka vibaya. Aliruka tundu kwenye fremu, akafumua, akaruka tena palepale. Kutoka jikoni ilikuja sauti ambayo masikio yake yalianza kuifuata kabla ya akili: tk, tk, tk. Kisu butu kwenye nyanya hakisemi, huponda. Hiki kilikuwa kikigusa ubao kwa wepesi, bila kusukumwa.

Aliingia akijifanya anataka maji. Nyanya zilikuwa zimelala ubaoni vipande vyembamba, ngozi haijachanika, maji yake hayajamwagika. Mkononi mwa wifi palikuwa na mpini wa mbao nyeupe, na ubapa ulikuwa umeshaanza kushika rangi ya moshi.

"Umekinoa?"

"Jana, mara tu uliponirudishia. Kwenye kitako cha kikombe." Wifi hakugeuka. "Nikakifuta kwenye mkanda wa kaka yangu pale nyuma ya mlango. Nguo mpya unaifua, kisu kipya unakinoa. Au huku kwenu siyo hivyo?"

Mama Kacha alikaa kwenye kigoda. "Uzi," alisema.

"Uzi gani tena?"

"Uzi wa kiwandani. Ule ninaowahubiria watu." Alikunja pembe ya aproni yake, akaikunjua. "Na wala sikusahau, wifi. Nilikuwa nimeshakihukumu hakijatoka kwenye gazeti. Nilikuhukumu wewe."

Kisu kilisimama. "Nilikisikiliza, unajua," wifi alisema. "Pale kituo cha mabasi. Nilivisikiliza vyote, kimoja kimoja, mpaka muuzaji akaniuliza, 'Mama, huyo unayempigia hapokei?'"

Mama Kacha alijaribu kujizuia, akashindwa. Walicheka wote wawili, na wifi alilazimika kuweka kisu chini ili afute macho, akayafuta kwa mkono uliokwishakata vitunguu, hali ikazidi.

"Sawa," wifi alisema alipopata pumzi. "Mimi umeniambia. Na yule aliyepaliwa na chai?"

Basi wakavuka barabara hadi karakana ya seremala, Mama Kacha mbele, wifi nyuma amebeba kisu kama karani anayepeleka kielelezo mahakamani. Mama Kacha alichukua kipande cha mninga kutoka sakafuni, akakipokea kisu, akachonga. Ukatoka utepe mrefu wa mbao, laini, unaojiviringa. Akachonga mwingine, na mwingine. Makali hayakulala.

"Nilikosea," alisema. "Wifi yangu ana sikio."

Seremala alikipima kisu kwa ukucha, akaitikia kwa kichwa. "Siagi imekuwa ngumu siku hizi."

Mama Kacha alikifunga, kacha, na mkono wake ukaelekea kwenye mfuko wa aproni. Mfuko huo ulikuwa wa kisu cha kazi peke yake. Visu vingi vilivyokaa kwenye makopo havikuwahi kuuona ndani.

"Unakipeleka wapi?" wifi aliuliza.

"Mfukoni. Humu hakiingii kisu kwa upendeleo."

"Na hiki hakiingii. Ulikikataa mbele ya shahidi, shahidi huyu hapa. Sasa ni cha jikoni."

"Kwa hiyo mimi nikate na nini?"

"Ukikihitaji, utakuja kukiazima kwangu. Kwa adabu."

Mama Kacha alilipima neno hilo. Huwezi kuazima kitu kwa mtu aliye mji mwingine. Alikirudisha kisu kwa mikono miwili.

Alasiri, alipokuwa akipeleka shuka safi chumba cha nyuma, alijikwaa. Kopo la visu, lile lililokaa juu ya kabati la humo, lilikuwa limeshushwa na kuachwa katikati ya njia. Mahali pake, juu kabisa, begi lilikuwa limelazwa, tupu, bapa kama mkate uliokataa kuumuka. Magauni yalikuwa yametundikwa.

Alisimama pale na kopo mikononi, akitafuta pa kuliweka. Chini ya kitanda pamejaa. Nyuma ya mlango sasa palikuwa na viatu. Akaelekea jikoni kimyakimya, macho kwenye oveni.

"Thubutu!" wifi alisema, bila hata kugeuka.