Mboga za Chemchemi

Karatasi ile nilipewa ofisini na mwenzangu wa meza ya pili, dada mmoja ambaye tangu ahamie Dodoma amekuwa mtu wa yoga na maji ya moto. Aliniona nimekonda. Kila mtu aliniona nimekonda, ila wengine waliishia kusema "pole" na kuangalia pembeni. Yeye alichapisha kurasa mbili, akazibana kwa pini na kuniwekea juu ya majalada. Kichwa chake kiliandikwa kwa herufi nene: Mlo wa Chemchemi kwa Mujibu wa Ayurveda.

Ayurveda, alinieleza, ni elimu ya tiba ya Wahindi wa kale, na inamtaka mtu ale kufuatana na majira. Hilo nilielewa. Chemchemi ndiyo sikuielewa, mpaka nilipofika aya ya pili, penye theluji inayoyeyuka. Kumbe yalikuwa ni majira ya machipuo, yale ya nchi za baridi, na kompyuta iliyotafsiri imeyafanya kuwa chemchemi, mahali maji yanapobubujika ardhini, maana kwa Kiingereza neno ni moja. Zamani ningecheka mpaka nishike meza. Nilikunja karatasi nikaitia mkobani.

Mume wangu alifariki kiangazi kilichopita. Nilikaa eda, nikatoka, nikarudi kazini, na watu wakanisifu kwa subira. Haikuwa subira. Nilikuwa nimekufa ganzi, kwanza moyoni, halafu mdomoni. Wali, maharage, nyama, chai, vyote vilikuwa kitu kimoja kwangu, kinachotofautiana ugumu tu. Ramadhani ilinipita hivihivi. Wenzangu walihesabu dakika kuelekea magharibi, mimi sikuwa na njaa ya kuvumilia. Sikumwambia mtu.

Zaidi ya wote sikutaka mama mkwe ajue. Alikuja kutoka Kondoa siku ya msiba, akasema atakaa mpaka arobaini, na arobaini ikapita akiwa bado jikoni kwangu hapa Makole. Mwanawe wa mwisho alikuwa amekwenda, na kilichobaki kwake kukifanyia kazi kilikuwa tumbo langu. Kila mlo alikaa mbele yangu, akasubiri nimeze tonge la kwanza, kisha akauliza, "Imekolea?"

"Imekolea, mama," nilijibu. "Tamu."

Hapo ndipo alipoosha mkono na kuanza kula. Kila siku, mchana na jioni, kwa miezi. Nilijiona mwema kwa uongo ule. Ulikuwa haunigharimu kitu na ulimfanya ale.

Baada ya Idi, mdogo wake mama mkwe alipiga simu kutoka Kondoa. Mtama umetoa masuke, alisema, na ndege wameshaanza kuja. Mtu anayelima mtama anajua maana yake: usipokuwa shambani kuanzia alfajiri ukipiga madebe, unavuna mabua. Mama mkwe alisikiliza, akakata simu, akanitazama mashavu.

"Nitaondoka nikikuona unakula kama mtu," alisema. "Nimeshampoteza mmoja. Siwezi kwenda kulinda mtama nikamwacha mwingine anaisha huku."

Basi kazi yangu ikawa hiyo, kumfanya aamini ili awahi shamba lake. Shamba ndilo lililomlisha mwaka mzima, na mimi sikutaka libebwe na ndege kwa sababu yangu. Hapo nikaikumbuka karatasi. Nilidhani nikimsomea ataona najishughulikia.

Nilimsomea tukiwa tumekaa barazani, naye anachambua mchele. Katika chemchemi, ilisema, mwili unatua uzito wa baridi. Epuka maziwa, epuka vitamu na vyenye majimaji, punguza mafuta, punguza sana chumvi. Kula vichungu na vikali, hasa majani machanga. Kunywa asali kwa maji ya uvuguvugu. Usilale mchana. Mwandishi hakuwahi kukanyaga Dodoma, hilo lilikuwa wazi. Aprili kwetu hakichipui kitu, vyote vinakomaa. Soko la Majengo lilikuwa limejaa mahindi mabichi, maboga na matango, na karatasi iliyakataza yote matatu.

Mama mkwe aliacha kuchambua. "Chemchemi," alisema. "Hao Wahindi wana akili."

Nilimwangalia.

"Mboga ya chemchemi si sawa na mboga ya bomba. Chini ya shamba letu kuna chemchemi haikauki hata kiangazi. Mchunga wa pale, ile mboga chungu ya porini, ukiula unasikia mpaka masikioni. Alipokuwa mdogo akiumwa tumbo nilikuwa nampa huohuo, analia, anapona." Hakutaja jina la mwanawe. Tangu msiba alimwita "yeye" tu, na mimi vilevile.

Ningeweza kumsahihisha. Ingenichukua sentensi moja: si chemchemi hiyo, mama, ni majira. Sikuona sababu. Alishachukua simu, akawa anamwelekeza mdogo wake kwa Kirangi, mkono wa pili ukionyesha hewani mahali pa kushukia na upande wa kuchuma, kana kwamba mwenzake anamwona.

Mzigo ulikuja na basi siku mbili baadaye, Jumapili asubuhi. Niliufuata stendi kwa bodaboda. Lilikuwa boksi la biskuti lililofungwa kamba ya katani, na ndani yake mchunga umezungushiwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa ili usinyauke. Mdogo wake alikuwa ameacha shamba lake mwenyewe na ndege asubuhi nzima kwa ajili ya majani hayo. Nilikaa nyuma ya pikipiki nimelikumbatia boksi, nikijua napaswa kuona uchungu au shukrani, na sikuona hata kimoja.

Mchana aliupika mwenyewe, akanifukuza jikoni. Akasonga ugali wa mtama, akaweka mboga katikati ya sinia, nyeusi na yenye mng'ao. Nikanawa. Akasema bismillahi. Nilikata tonge, nikachovya, nikameza, nikaandaa uso.

"Imekolea?"

"Imekolea, mama. Tamu."

Hakunawa. Mkono wake ulibaki juu ya birika.

"Chumvi imekolea?"

"Vizuri kabisa."

"Sikutia chumvi," alisema. "Karatasi yako imekataza. Na mchunga sikuumwaga maji ya kwanza, nimeuacha na ukali wake wote. Mwanamume mzima angeutema huo."

Nilitazama sinia. Nikasema kweli, kwa sauti ileile niliyotumia kudanganya. Nilimwambia sionji kitu. Chumvi, sukari, pilipili, hakuna. Tangu lini? Tangu msiba, mama.

Nilitegemea agombe, na ana haki, maana akigomba ni mtu wa kugomba kweli. Badala yake alikaa chini vizuri, akavuta kanga mpaka kwenye paji la uso.

"Na futari zote zile?"

"Zote."

"Na mimi nakuuliza wewe." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nakuuliza wewe kwa sababu sijui. Mwanangu, ulimi wangu ulikwenda naye siku ileile. Natia chumvi kwa kukadiria na macho, halafu nakutazama wewe. Ukisema imekolea, najua bado najua kupika."

Nikakumbuka kwamba Ramadhani nzima tulikuwa tukimpelekea jirani bakuli la futari, naye akirudisha bakuli limeoshwa, akisema asante. Nilimwambia. Alifunika mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika, na sikujua anacheka au analia mpaka nilipoona machozi. Vyote viwili, nadhani.

"Kule shambani napika na kula peke yangu," alisema alipotulia. "Ndiyo maana nasema sitaondoka mpaka ule. Nilisema ni kwa ajili yako. Nikirudi kule, nitamuuliza nani?"

Niliona aibu. Ilinishika shingoni, ya moto, na niliitambua mara moja kwa sababu ilikuwa hisia ya kwanza kunijia tangu tumzike. Nilikuwa nimetumia wiki nzima kumsukuma yule mama aende zake, nikiita hilo huruma.

Alimpigia mdogo wake simu palepale, mbele ya sinia. Alimwambia haji mwezi huu. Nilimsikia mwenzake akipaza sauti kuhusu ndege, nilimsikia yeye akijibu kwamba na waule mtama, watakachoacha tutavuna.

Nilikwenda jikoni nikaleta chumvi. Nilinyunyiza kwenye mboga, nikachanganya kwa vidole. Yeye akanawa, akakata tonge, akachovya, akatafuna polepole sana.

"Imekolea?" nilimuuliza.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Na wewe?"

"Sijui, mama."

Tukaendelea kula.