Ukurasa wa Tatu wa Mbio za Kentucky

Jumamosi ya kwanza ya Mei niliondoka nyumbani Kijenge kwa sababu baba yangu mdogo, Elifuraha, alikuwa amenitafutia kazi ya siku moja. Yeye hutunza farasi kwenye shamba la wageni juu ya Usa River. Kila mwaka, siku zinapofanyika mbio maarufu za farasi za Kentucky, Marekani, mwenye shamba hufanya sherehe, na safari hii alitaka mtu awasomee wageni historia ya mbio hizo. Mimi nina shahada ya historia na sina kazi. Nilimtumia mwenye shamba kurasa tatu. Alirudisha mbili za kusoma; wa tatu aliukata.

Saa mbili asubuhi, njiani, nilikuwa bado natafuta kosa langu. Labda Kiingereza kibovu? Labda nimechanganya miaka? Nilihakiki kwenye simu hadi Tengeru. Hakuna kosa. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba katika mbio za kwanza kabisa wapanda farasi wengi walikuwa Weusi, na mshindi alikuwa mmoja wao. Waliendelea kushinda miaka mingi, mpaka wenzao Wazungu wakaanza kuwabana uwanjani na kuwachapa mijeledi, na wenye farasi wakaacha kuwapa wanyama wa kupanda. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipogeuka hasira.

Kutoka Usa nilipanda pikipiki kupitia migombani, kwenye tope la masika. Nilipofika nilimkuta baba mdogo akisugua kwato.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba. Umekula?"

Mwenye shamba alikuja akiwa na kofia yenye manyoya. Nilimuuliza kuhusu ukurasa wangu.

"Unaharibu furaha," alisema. "Watu wamekuja kucheka."

Nikajibu, "Sawa." Neno hilo limenichoma hadi leo.

Saa nane mchana wageni walijaa, kofia zao pana zikilowa manyunyu, mikononi wiski yenye majani ya mnanaa kama desturi ya kule inavyotaka. Niliwasomea kuhusu kofia, kuhusu wimbo wa kabla ya mbio, kuhusu shada la waridi analovishwa farasi mshindi kwa mbio za dakika mbili tu. Walipiga makofi.

Kisha zikaja mbio za shambani, farasi wanne. Baba mdogo alimpanda Kahawa, farasi aliyemfundisha mwenyewe tangu mnyama huyo akiwa mdogo, na akawaacha wenzake mbali. Waridi zikaletwa. Mwenye shamba akashika hatamu, akatabasamu kwa mpiga picha.

"Elifuraha, shuka, sogea kidogo. Unaingia kwenye picha."

Akashuka. Akasogea. Kwenye ubao wa washindi wakaandika jina la farasi na la mwenye shamba.

Nilimfuata bandani. Alikuwa akijifuta tope usoni.

"Hao wa Kentucky," aliuliza, "wapandaji wao wa kwanza walikuwa kina nani?"

Nikamweleza yote.

"Mbona hukusoma hilo?"

"Lilikatwa."

"Karatasi iko wapi?"

"Mfukoni."

Alicheka, lakini si kwa furaha. "Ukoo mzima tumeuza kahawa usome, kumbe tulikuwa tunasomesha mfuko!"

"Niliogopa watakufukuza, ba'mdogo."

"Nani kakwambia mimi naogopa? Uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Katika mawazo yangu yote ya asubuhi ile, sikumuuliza yeye hata mara moja.

Saa kumi kasoro robo nilirudi kwenye kipaza sauti na kusoma ukurasa wa tatu wote. Mwishoni nikaongeza: "Na leo aliyempanda Kahawa ni Elifuraha." Makofi yalitoka jikoni tu, kwa wafanyakazi.

Jioni nilishuka Usa kwa miguu, maana hakuna aliyenitafutia usafiri. Mwenye shamba hajanipigia tena. Baba mdogo bado yuko kazini, kwa kuwa Kahawa hakubali kupandwa na mwingine. Nilichojifunza ni hiki: niliyemwogopea hakuwa na woga. Woga ulikuwa wangu, nami nikauita huruma.