Nilivyomtangulia Kukhu Njia ya Sirisia

Nikisikia harufu ya ndizi mbivu, zile zilizovundikwa shimoni kwa majani makavu ya mgomba na si hizi za kuivishwa kwa dawa ninazouziwa sokoni Kitale, miguu yangu hukumbuka kabla yangu mimi mwenyewe. Hukumbuka umande wa asubuhi, tope jekundu likipenya katikati ya vidole, na ile njia nyembamba iliyotoka kijijini kwetu, ikapita kati ya mahindi na miwa, ikateremka mtoni, kisha ikapanda mpaka soko la Sirisia. Nyuma yangu namsikia Kukhu, yaani nyanya yangu aliyemzaa mama, akihema na beseni la ndizi kichwani juu ya ngata. Nyuma yangu, nasema, kwa sababu mimi ndiye niliyetangulia. Mtoto wa miaka minane hivi, mbele ya mwanamke aliyeheshimiwa kijiji kizima! Lakini hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na niliifanya kwa majivuno makubwa.

Kwetu Bungoma, mama mkwe na mume wa binti yake hawakukutana uso kwa uso. Hawakushikana mikono, hawakula pamoja, na wakikaribiana njiani ilibidi wapishane bila kuonana. Anayeuita huo ushamba na auite. Kukhu aliuita heshima, na heshima si utumwa. Tabu ni kwamba baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli hapo Sirisia, na njia ilikuwa hiyo hiyo moja. Kwa hiyo mimi nikawa macho ya Kukhu. Nikimwona baba kwa mbali, nilipaswa kupaza sauti nimwite mbwa wetu: "Simba! Simba, rudi!" Simba mwenyewe alikuwa nyumbani, amelala jivuni. Kukhu akisikia hivyo alijitoma kwenye mahindi na beseni lake, na baba naye akisikia aligeuka akatazama upande mwingine, kama mtu anayekagua shamba lisilo lake. Wapita njia wasiotujua walinihurumia sana. Walisema maskini, mbwa wa mtoto huyu hupotea kila siku ya soko.

Msimu ninaousema ulikuwa wa mvua, na mama alikuwa amerudi kuishi kwa Kukhu, pamoja nami na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Alikosana na baba. Kwa nini, mpaka leo sijui, maana wakubwa wa siku zile hawakuwa na desturi ya kuwaeleza watoto. Mimi nilijua jambo moja tu: nilitaka baba aje atuchukue. Nilimtaka mpaka nikakosa hamu ya kucheza. Kila siku ya soko alitokea njiani, eti kwa bahati tu, na mfukoni ana andazi lililofungwa kwenye gazeti. "Mama yako hajambo?" angeuliza. "Hajambo." "Na Kukhu?" "Ako kwa mahindi." Hapo tulicheka kimyakimya, halafu yeye akaenda zake nami nikabaki na andazi langu. Hangeweza kuja nyumbani kabla Kukhu hajamkubali, na Kukhu hakutaka hata kusikia. Nilipombembeleza alifoka, "Ati anangoja mimi nimwite? Si yeye ndiye alikosea?" Mama aliniambia subira huvuta heri. Ah! Subira gani, na mimi ilikuwa imeshanishinda?

Asubuhi moja tulikuta mto umefura. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu mlimani Elgon, maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na daraja letu lilikuwa gogo moja tu la mkaratusi. Nilivuka kwanza. Badala ya kuangalia mbele kama ilivyo kazi yangu, niligeuka nitazame nyayo za Kukhu. Alipofika katikati, baba akachomoza kwenye matete hatua chache kutoka nilipo, na Simba hakuwa ameitwa. Kukhu alimwona, akashtuka, na gogo likabingirika kidogo kwa kuwa udongo wa ukingoni ulikuwa unamomonyoka. Halafu baba akageuka. Nilidhani anakimbia, na moyo wangu ukafa palepale. Kumbe alikuwa anaingia mtoni kinyumenyume, mpaka maji yakamfika kifuani, akaingiza bega chini ya gogo na uso akaugeuzia mlimani.

"Mwambie Kukhu apite," aliniambia.

"Mwambie huyo mtu ashike vizuri," Kukhu akanijibu mimi, na huyo mtu yuko hapo chini ya miguu yake!

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na baba aliinama mpaka maji yakamgusa kidevu. Kukhu alipita, wala hakuangusha ndizi hata moja. "Ameshapita?" baba akauliza, macho bado yako mlimani. "Ameshapita, Baba," nikamwambia, ndipo akatoka akitetemeka. Kukhu hakugeuka nyuma. Alitembea mpaka mahindi yakamficha, halafu nikasikia sauti yake: "Mwambie baba yako aje Jumapili na wazee wake. Na avue hizo nguo mbichi, asije akapatwa na homa."

Jumapili alikuja kweli, jogoo akachinjwa, wazee wakanena, na jioni tukafungasha. Nilifurahi jamani, sikudanganyi. Ila hakuna aliyeniambia kwamba siku nitakayompata baba ndiyo siku nitakayompoteza Kukhu na njia yake. Siku ya soko iliyofuata binamu yangu ndiye aliyemtangulia, nami nikalia nyuma ya nyumba, nina baba, nina mama, sina pa kwenda.

Mwaka jana Kukhu alituaga, mzee wa kuzikwa na vitukuu. Njia ile sasa ni lami, na mtoni kuna daraja la saruji ambalo halihitaji bega la mtu. Pikipiki hupita mbio hata salamu hazikamiliki. Mkwe wangu mimi hunikumbatia hadharani, "Mathe, niaje!", nami nampenda, ila wakati mwingine natamani anione kwa mbali kwanza. Wajukuu walimbeba Kukhu mabegani kutoka darajani, simu zikipiga picha kila upande. Nilipotazama mbele nilimwona baba peke yake kando ya barabara, mzee wa mkongojo, hajui aende wapi. Niliharakisha nikalitangulia jeneza, nikapaza sauti: "Simba! Simba, rudi!"

"Ati anaita mbwa?" kijana mmoja akauliza. "Ni majonzi, mwache," mwenzake akamjibu.

Baba alinisikia. Aligeuka polepole, akatugeuzia mgongo, uso akauelekeza mlimani, na jeneza likapita nyuma yake. Waimbaji walipokuwa wamefika mbali nilimwendea.

"Ameshapita?" akaniuliza.

"Ameshapita, Baba."

Hakugeuka. Aliendelea kutazama mlimani, nami nikasimama kando yake, kwa maana sikuwa tena na mtu wa kumtangulia.