Ukurasa Uliokatwa kwa Wembe

Watoto wa mtaa ndio waliomwita Mama Gundi, na jina likamganda. Miaka thelathini na moja alifanya kazi ya kukata karatasi katika kiwanda cha uchapaji, na kila jioni alirudi na kitu mkobani: kadi ya harusi iliyokosewa tarehe, tangazo la mechi, ratiba ya mazishi, kipande cha gazeti. Vyote alivibandika. Alipostaafu alikuwa na madaftari kumi na manane, na watu wakibishana soko lilihamishwa lini, waliambiwa waende kwake akate mzizi wa fitina.

Siku moja kijana wa miwani alibisha hodi, akajitambulisha kuwa ni mtunza maktaba mpya na anaandika historia ya shule ya mji. Mama Gundi alimkaribisha mdomoni tu. Mtu anayetaka historia ya shule nzima, mbona anaulizia daftari la saba peke yake? Akamketisha mezani, naye akakaa mkabala akichambua mchele, jicho halibanduki kwenye vidole vya mgeni. Siku ya tatu jirani alimwita nje. Hakukawia, lakini aliporudi alimkuta mgeni ameshafunga daftari, anaaga harakaharaka.

Akalipekua papo hapo. Katikati ya daftari, jani moja halikuwapo. Kilichobaki ni ukingo mwembamba uliokatwa kwa wembe.

Hakuhitaji kukumbushwa kilichokuwa hapo. Ilikuwa habari ya ukuta wa shule ulioanguka ukamvunja mwalimu miguu yote miwili, na ya mwashi aliyeujenga, ambaye uchunguzi ulisema alipunja saruji. Mwashi huyo alikuwa baba yake Mama Gundi.

Kesho yake mtaa mzima ulijua kuwa mtunza maktaba ni mwizi. Mwenye duka hakuitikia salamu yake. Kinyozi alimwambia kuna foleni, na viti vilikuwa vitupu. Mwishowe kijana akaja mwenyewe mlangoni kwa Mama Gundi.

"Shikamoo, mama," alisema. "Ukurasa ule sikuukuta. Niliona haya kukuuliza, maana nilidhani wewe ndiye uliyeuficha."

Mama Gundi hakumwamini, ila maneno hayo hayakumtoka kichwani. Akalipeleka daftari dirishani. Karatasi ya zamani ikikatwa leo, ukingo wake huwa mweupe. Hilo alilijua kuliko alivyojua kupika. Ukingo huu ulikuwa na rangi ya chai. Ulikatwa miaka mingi iliyopita, mgeni yule akiwa bado anacheza gololi.

Sasa shaka ikarudi nyumbani. Tangu mama yao afariki, humo ndani walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake, mshonaji, ambaye kisanduku chake cha nyuzi hakikosi wembe. Siku mbili alimtazama akishona, akila, akikunja nguo, kama mpangaji aliyehamia jana. Hata akikohoa, aliona ni hatia. Akashindwa kuvumilia, akamuuliza.

Mdogo wake hakuinua macho kwenye cherehani. "Ni mimi, dada. Mama alipokuwa mgonjwa kitandani alitaka asomewe madaftari yako. Ningemsomea nini pale? Ulimbandika baba yetu chini ya tangazo la sabuni."

"Nilibandika kwa sababu ilitokea."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia."

Ukurasa wenyewe, alisema, aliutia moto jikoni siku ileile.

Mama Gundi alivaa viatu akatoka. Alipita dukani, akapita kwa kinyozi, akasema alimsingizia mtoto wa watu. Kisha akaenda maktaba, akamwomba radhi mgeni, akamsimulia ukurasa mzima kwa kichwa, hata bei ya sabuni. Alipofika kwenye saruji alimzuia kalamu kwa mkono. Akamwambia aandike kwamba uchunguzi ulisema hivyo. Na aandike pia kwamba mwashi alikana mpaka anaingia kaburini, jambo ambalo gazeti halikulichapa.

Kijana aliuliza yeye mwenyewe anaamini lipi. Mama Gundi alisema hajui, na kwamba asimuulize tena.

Wiki hiyo alikagua madaftari yote, jani kwa jani, kidole kikipita kwenye kila mshono. Hakukuta pengo jingine. Akaanza upya kutoka la kwanza, huku mdogo wake akishona katika chumba cha pili, mlango wazi.